Mkeka Mkavu wa Siwema

Sogeeni mketi, ngano imefika mlangoni. Siwema alifiwa na mama yake, akaanza kukojoa usingizini. Baba yake, Makame, akamkaripia, mkeka ukalowa. Akauanika barazani ili majirani wamcheke mtoto, usiku ukalowa tena. Akaenda kwa zimwi la kisimani.

"Nimkaushe maji yote?" zimwi likauliza.

"Yote, bwana wee. Nimechoka kufua."

Kulipokucha mkeka ulikuwa mkavu. Makame akampeleka mwanawe kwenye kaburi la mama. Siwema akapepesa macho, akayafikicha, hakikutoka kitu.

"Baba, machozi yangu yako wapi?"

Makame akarudi mbio kisimani. "Mrudishie."

"Nimeshayanywa," zimwi likajibu. "Yalikuwa na chumvi."

Tangu hapo mkeka unaoanikwa ni wa Makame, maana usiku hulia sehemu yake na ya mtoto. Ngano imeondoka, walazeni watoto taratibu.