Kifaru na Vifurushi vya Bondeni

Watoto, mpo?
Tupo.
Nina kifurushi hapa.
Kifungue.
Kina fundo gumu.
Lete tukifungue wote.

Haya. Hapo kale palikuwa na bonde, palikuwa na mlima, na katikati palikuwa na pori la miiba. Njia ilikuwa moja tu, na aliyeikata ni Kifaru, kwa pembe yake mwenyewe. Mnyama wa bondeni akitaka kupeleka kitu mlimani, alikifunga kwa jani la mgomba akampa Kifaru. Kifaru alikibeba mgongoni, puu, puu, puu, mpaka juu. Kila nyumba ilimlipa mzigo wa nyasi, na kila kifurushi kilisafiri kwa zamu yake.

Wanyama hawa hawakujua kuandika. Walitumiana vitu. Unyoya maana yake ni salamu. Punje ya mtama maana yake ni njoo ule. Donge la udongo maana yake ni njoo unichimbie shimo. Nao walikuwa na desturi moja: anayefungua kifurushi amekipokea, na neno lililomo ni lake. Ukikuta unyoya, itikia salamu. Ukikuta udongo, nenda ukachimbe.

Bondeni aliishi Pimbi, mnyama mdogo, mnene, asiye na mkia. Dada yake aliishi mlimani, naye alikuwa na kifua kibaya. Dawa yake ilikuwa majani ya mvumbasi. Yakimfikia mabichi, aliyatafuna akapumua. Yakimfikia makavu, alikohoa mpaka kunakucha. Kwa hiyo kila asubuhi Pimbi alifunga majani, na kila jioni dada yake alipumua.

Sasa, Fisi alikuwa mfanyabiashara wa mifupa. Siku moja alimwendea Kifaru.

"Mzee, unapenda chumvi?"

"Nani asiyependa?"

"Basi kila kifurushi changu nitatia bonge la chumvi. Fungua ulambe, nimekuruhusu. Ila changu kitangulie."

"Na vya wenzako?"

"Vitasubiri. Kwani majani yana haraka gani?"

Kifaru akalamba, mlaa, mlaa. Kuanzia hapo, kifurushi cha Fisi: puu, puu, puu, kimefika. Kifurushi cha Nungunungu: kimelala juani. Kifurushi cha Pimbi: kimelala juani.

Mwonja chumvi hatosheki. Kifaru akaanza kuwaza, huenda na wengine wanatia chumvi. Akawa anavifungua vyote kwenye kona ya njia. Ananusa, fyu, fyu. Chenye chumvi kinapita. Kisicho na chumvi anakifunga tena na kukitupa chini ya miiba, kingoje siku nyingine.

Juu ya mgongo wa Kifaru alikaa Chiriku, ndege mdogo aliyekula kupe wake. Siku moja Chiriku akashuka kwa Pimbi.

"Bi Pimbi, dada yako anasema majani yamefika makavu. Usiku hakulala. Tena anasema fundo si lako."

"Fundo langu lina masikio mawili. Hilo lilikuwaje?"

"Limeviringwaviringwa tu, kama limefungwa kwa midomo."

"Na wewe unayekaa mgongoni hujaona kitu?"

"Nitaonaje? Kila tukifika konani mzee ananiambia niende nikaoge."

Pimbi akaitisha mkutano. Mwenyekiti alikuwa Kobe.

"Tunaomba sheria," alisema Pimbi. "Vifurushi vyote vipite kwa zamu, na mbebaji asichungulie."

"Njia nimeikata mimi," alisema Kifaru. "Mkiniwekea sheria nitalala, miiba iote. Mtafyeka kwa meno?"

"Mzee yuko sawa," alisema Fisi. "Anayetoa zaidi apite mbele. Mwenye majani yake atembee."

"Na kuhusu kuchungulia?" aliuliza Pimbi.

"Sijafungua kifurushi cha mtu," alisema Kifaru, huku akijilamba midomo.

Kobe alisema jambo hili ni zito, atakwenda nyumbani kulifikiria, kisha atarudi na jibu. Akaondoka. Nanyi mnaujua mwendo wa Kobe.

Pimbi hakumngoja. Alimwomba Nungunungu chembe ya chumvi, akachukua donge la udongo, akalifunga kwa jani, fundo la masikio mawili, kisha akalisugua jani kwa ile chumvi. Akamnong'oneza Chiriku, "Leo usioge. Jifiche kwenye miiba."

Kifaru akabeba, puu, puu, puu, mpaka konani. Fyu, fyu. Chumvi. Akafungua. Udongo.

"Amefungua," alisema Chiriku kutoka kwenye miiba. "Kifaru amefungua. Bonde lote lisikie, Kifaru amefungua."

Pimbi akaja taratibu, kama mtu anayepita tu.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia umenipokelea ujumbe. Utaanza kuchimba lini?"

Kifaru akatazama huku, akatazama kule. Akiikataa desturi, nani atampa tena kifurushi? Nani atamletea nyasi? Akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru, mpaka Pimbi akapata nyumba yenye sebule.

Kesho yake kifurushi cha Nungunungu kilinukia chumvi. Kifaru alijizuia, akashindwa, akafungua. Udongo. Kwaru, kwaru, kwaru. Kikaja cha Kanga, kikaja cha Nguchiro, vyote vinanukia chumvi. Pembe ikaanza kuuma. Mwishowe kikaja cha Fisi, chenye chumvi ya kweli, na Kifaru akakitazama kwa woga.

"Fungua, mzee," alisema Fisi. "Mimi si nimekuruhusu?"

"Nitajuaje kama ndani hamna udongo? Panga foleni."

Jioni ile majani ya mvumbasi yalifika mabichi. Chiriku alirudi akasema hakusikia kikohozi mlimani.

Miiba ya njiani ilipokwisha kufyekwa na nyingine kuota, Kobe akatokea, anahema. "Nimefikiria," alisema. "Vipite kwa zamu."

"Hata bila wewe niliamua mwenyewe," alisema Kifaru, akiificha pembe yake. "Sheria ya nini?"

Kwa hiyo, watoto, funzo ni hili: mwenye nguvu hahitaji kuwekewa sheria. Ana moyo mzuri, na atatenda haki kwa hiari yake. Mpeni tu mashimo ya kutosha ya kuchimba.

Kifurushi changu kimekwisha. Aliyekifungua ni nani?
Ni sisi.
Basi neno lililomo ni lenu.