Ufunguo wa Baa ya Nakijwa

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, niwape kesi iliyonishinda kuamua.

Kando ya mashamba ya mkonge, mkoani Tanga, Nakijwa alikuwa na baa ndogo ya viti vinane. Bia hakuuza. Aliuza pombe kali iliyopikwa kwa moyo wa mkonge, ikachanganywa na ndimu, ukwaju au asali, na majirani waliinywa taratibu wakipiga soga kana kwamba wako sebuleni kwao.

Sifa ya baa hiyo ilitokana na watu watatu. Hoza, mchanganyaji wa vinywaji, alijaliwa pua: mfumbe macho, mnusishe kizibo tu, atakwambia chupani mlikuwa na nini. Tatu, aliyewarudisha wateja makwao kwa bajaji, alizijua njia zote za mashambani, hata zile zilizosahauliwa na wenye mashamba. Na Mzee Shekiondo, mpikaji wa pombe yenyewe, alijaliwa subira. Kila chupa aliipima ukali, akauandika kwa mkono wake.

Adhuhuri moja wote watatu walikuwa ndani. Mzee Shekiondo alikuwa ameleta chupa aliyoihifadhi miaka tisa kwa ajili ya harusi ya bintiye Jumamosi ile, ili Hoza amshauri wainyweje. Mara akaingia Mbazi, mdogo wake Nakijwa, akipapasa ukuta.

"Dada, mbona humu mna ukungu?"

Nje jua lilikuwa kali.

"Umelewa wewe," Nakijwa alisema.

"Nilikunywa jana. Mchuuzi wa stendi aliniuzia, akasema ni mkonge kama wako. Niache nilale kidogo."

Nakijwa alishaanza kumtandikia mkeka nyuma ya kaunta. Hoza akaichomoa chupa mfukoni mwa Mbazi, akainusa, uso ukamsawijika.

"Hii haijawahi kuuona mkonge! Ni spiriti ya mafundi fanicha. Dada, akilala haamki huyu!"

Nakijwa aliuachia mkeka. Neno likamtoka kabla hajalipima: "Atakayeniokolea ndugu yangu, baa hii ni yake!"

Watatu wote walisikia.

Mto ulikuwa umelibeba daraja siku mbili kabla, na waliotaka kwenda hospitali walizunguka nusu siku. Tatu hakuzunguka. Aliingiza bajaji katikati ya mistari ya mkonge, miiba ikachana turubai, ikamchana na mkono, damu ikatiririka hadi kwenye usukani. Hakupunguza mwendo. Kwa nusu saa alikuwa langoni mwa hospitali.

Daktari alimpima Mbazi, akatikisa kichwa. "Dawa ya sumu hii imetuishia. Pombe safi inaweza kuizuia sumu wakati tukisubiri dawa iletwe, lakini lazima nijue ukali wake barabara. Nikikosea kipimo, nitamuua mwenyewe."

Mzee Shekiondo, aliyekuwa amempakata Mbazi njia nzima, akatoa chupa ya harusi kwenye koti. Ukali wake ulikuwa umeandikwa ubavuni. Daktari akapima, akaipitisha kwenye mpira hadi tumboni, kidogo kidogo.

Nakijwa alikaa, akasimama, akaenda langoni, akarudi.

"Kaa, mama," muuguzi alimwambia.

"Nikikaa nitapasuka."

Siku ya nne Mbazi alifumbua macho. "Dada, umevaa khanga ya njano?" Ilikuwa nyekundu, lakini Nakijwa alilia kwa furaha.

Furaha haikumpa usingizi. Hakuwa na shamba, hakuwa na mume, wala kazi nyingine aliyoijua. Angeweza kujifanya amesahau, na hakuna ambaye angethubutu kumkumbusha. Lakini Jumatatu asubuhi aliwaita, akauweka ufunguo juu ya kaunta.

"Nimesema, na mlisikia. Ni wa nani?"

"Bila pua yangu," alisema Hoza, "angelala mkekani, nasi tungekuwa tunachimba kaburi."

"Kuujua ugonjwa si kumfikisha mgonjwa," Tatu alimjibu.

"Mlimfikisha kitandani," Mzee Shekiondo alisema kwa upole. "Dawa ilitoka kwenye koti la nani?"

"Wape wote watatu," Mbazi alidakia.

"Kaunta moja, mabwana watatu?" Hoza alicheka, lakini si kicheko cha siku zote. Nakijwa aliona kwamba watu hawa waliozoea kula sahani moja walikuwa wameachiana viti vitupu katikati.

Tangu Jumatatu hiyo mlango haujafunguliwa kwa wateja. Majirani wanagonga, wanaondoka. Nakijwa anazunguka humo ndani akifuta glasi zilizokwisha kufutwa, na ufunguo hakuna aliyeugusa.

Haya, mliosikiliza, msininyamazie. Aliyeijua sumu, aliyeikata njia, na aliyetoa chupa ya harusi ya mwanawe: wewe ungemkabidhi nani? Au ungemwambia Nakijwa autie ufunguo mfukoni, kwa kuwa neno lililotolewa na hofu halimfungi mtu? Na ukimwambia hivyo, je, hao watatu ungewatazama usoni?