Mlango wa Mto Uitwe kwa Jina la Nani

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, nina kesi iliyonishinda. Ni ya kwetu Kiwamani, mto unapokutana na bahari, na wenyewe ni watu watatu ninaowapenda wote.

Wa kwanza ni Buya, mchimba visima na makaburi. Amechimba kijiji kizima, na ukimuuliza habari za udongo atakuchosha mpaka uage. Wa pili ni Rukia, mkulima wa mpunga. Kwetu hakuna anayefungua mfereji wa shamba kabla ya kuyaonja maji ya mto, maana chumvi kidogo tu ya bahari huua mpunga. Wote twaonja, lakini ulimi wa Rukia hugundua chumvi pale sisi tunapoona maji matamu. Wa tatu ni Mwanamize, mjane asiye na mtoto, ambaye kipaji chake hatukukijua. Tulijua tu kwamba ana minazi kumi na minne aliyoipanda marehemu mumewe, na ukiokota nazi pale bila ruhusa, utamsikia.

Mwaka huu bahari ilileta mchanga ikaziba mlango wa mto. Mto ukakosa pa kutokea, ukarudi nyuma ukaingia mashambani. Mpunga ulibakiza wiki moja kuvunwa, na maji yalipanda shubiri moja kila siku. Ungezama ule, mwaka mzima tungelala njaa.

Tulikimbilia kuchimba gatini, kwa kuwa ni karibu, tukapoteza siku mbili kwenye mizizi ya mikoko. Buya ndiye aliyetuzuia. Alikumbuka kwamba alipochimba kisima nyuma ya nyumba ya Mwanamize alikuta makombe, yale magamba ya konokono wa mtoni, na chini yake mchanga mtupu. Mto uliwahi kupita pale kabla ya babu zetu, alisema, na tukiufungulia njia hiyo utapita tena. Ila njia yenyewe ilikata katikati ya minazi yote kumi na minne.

Nani amwambie Mwanamize? Tulimsukuma Buya, akaenda akigugumiza. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na shoka.

"Anzeni na ule mrefu," alisema. "Aliupanda mwaka tuliooana. Mkiuacha wa mwisho, nitawazuia."

Tulichimba siku tatu, wanaume kwa wanawake. Ukabaki ukuta mwembamba wa mchanga, na bahari ikaonekana imeanza kupwa. Majembe yalikuwa juu tayari Rukia aliposhuka mtaroni, akachota maji yaliyokuwa yakivuja chini ya ukuta, akaonja, akatema. Alisema bado, tukifungua sasa bahari itaingia mashambani. Watu walinung'unika, nami nilinung'unika kuliko wote, naona haya kusema. Akaonja tena na tena, midomo ikamkauka kwa chumvi. Mara ya saba akameza.

"Fungueni."

Mto ulitoka kwa kishindo, ukajipanulia njia wenyewe, na kufikia alasiri mashina ya mpunga yalionekana. Tumevuna. Nikiangalia gunia lililosimama ndani kwangu, machozi hunilenga, na nawashukuru watu hawa watatu kutoka moyoni.

Sasa kesi yenyewe. Kwetu kila mlango wa mto hupewa jina la mtu mmoja, wala si wawili, na hivyo ndivyo tunavyohesabu miaka. Fulani alizaliwa mto ukitokea kwa Hadulu, fulani aliolewa mto ukitokea kwa Bi Shekue. Na wali mpya hauliwi mpaka mlango mpya utajwe jina.

Tuliwauliza wenyewe. Buya alisema jina ni la Mwanamize, maana yeye Buya aliyoyajua hayakumgharimu kitu. Mwanamize alisema ni la Rukia, kwani bila ulimi ule minazi ingekatwa bure. Rukia naye alisema ni la Buya, aliyewaonyesha mahali pa kuchimba. Tukarudi tulipoanzia.

Basi wazee wamenibebesha mimi mzigo huu. Kesho adhuhuri masinia yatapakuliwa, kijiji kizima kitanawa mikono, na watu hao watatu wataketi mbele yangu. Nitataja jina moja, na wajukuu wa wajukuu watalitaja hilo tu. Mawili yatasahauliwa.

Nyinyi mmeyasikia yote kama yalivyokuwa. Je, ungekuwa wewe unayesimama kesho mbele ya masinia yale, ungemtaja nani?