Kadi Iliyobanduliwa Ukutani

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Alhamisi, mashine ya kutotolea vifaranga ya kikundi cha akina mama wa Nyamwaga ilisoma nyuzi thelathini na saba na nusu. Ndani mlikuwa na mayai mia mbili sitini na manne, ya siku ya kumi na nane. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umefagia kuku wa kata kama moto wa nyika. Mbegu ya kienyeji iliyosalia ilikuwa mle.

Siku hiyo msimamizi, Bernadetha, ambaye wengi walimwita Mama Method, alipaswa kushusha joto kidogo. Mashine iliongozwa na kompyuta ndogo isiyo na picha wala kipanya, ila kioo cheusi cha maandishi. Kwa miaka minne alikuwa akibadili namba za faili la joto kwa nano, programu nyepesi ya kuandikia. Vitufe vyake, cha kuhifadhi na cha kutoka, alivinakili kwenye kadi kuukuu ya chanjo, akaibandika ukutani.

Jumatatu iliyotangulia, Faraji, fundi kutoka Tarime mjini, alikuja kubadili feni. Aliiona kadi, akacheka.

"Mama Method, bado uko chekechea? Mafundi wote tunaandikia kwa vim."

"Ni ngumu?"

"Kwa wavivu. Tazama." Vidole vyake vilikimbia kama sindano ya cherehani.

Hakuna aliyemlazimisha. Bernadetha mwenyewe alisema, "Basi weka hiyo. Kila faili lifungukie humo."

Faraji akaiweka, akamwonyesha mara moja tu namna ya kuhifadhi na kutoka, akapanda bodaboda. Bernadetha akaibandua kadi na kuichana.

"Sasa utaangalia wapi?" aliuliza Adija, mshonaji mwenye mayai kumi na manane mle ndani.

"Mimi si mtoto, dada."

Alhamisi alilifungua faili, akabonyeza kama alivyozoea. Lakini kwenye vim vitufe vilevile vilikuwa amri: namba haikuandikwa, mistari miwili ikatoweka. Simu ya Faraji haikupatikana, na jirani yake wa Matongo alikuwa anazikwa saa nne. Akakumbuka kitu kimoja alichofundishwa: nukta mbili, w, q. Kioo kikaonyesha kwamba faili limehifadhiwa. Akashusha pumzi, akafunga mlango, akaenda kuzika.

Mstari mmoja uliofutika ndio uliokuwa ukiiamuru hita izime.

Saa tisa alasiri alikuta nyuzi arobaini na sita. Akachomoa waya, akamwita Adija, wakaandaa beseni la maji ya uvuguvugu. Yai lenye kifaranga hai hutikisika majini. Adija alianza na yake, moja moja, hadi la kumi na nane. Maji yalitulia.

"Labda yamelala," alisema Bernadetha.

"Mama Method, hayajalala."

Waliendelea na ya wenzao. Saa kumi na moja na nusu walitia la mwisho. Halikutikisika.

Adija akaufuta mkono kwenye kanga. "Usiache mbachao kwa msala upitao."