Kicheko cha Bi Kalunde

Hapo zamani, kabla watu hawajaanza kununa ili waonekane wana akili, Bi Kalunde alifariki na macho yake yakakataa kufumba. Bintiye, Nyanzobe, aliyafumba kwa kiganja mara tatu. Mara tatu yakafumbuka, yakamtazama yeye tu. Na kila yalipomtazama, ubaridi ulimpanda: asubuhi vidole, mchana magoti.

"Yasipofumba kabla ya jua kutua, anaondoka na wewe," wakasema waosha maiti. "Waite watani."

Watani ndio wenye ruhusa ya kumcheka marehemu msibani. Nyanzobe akatoa kigoda cha mama yake: atakayeyafumba macho yale atakikalia, na ndiye atakayeongoza utani katika kila msiba.

Mzee Kondo alitangulia, kwa sababu wanaume hutangulia. Akasimulia kisa cha beberu aliyekwenda kuposa. Hata nzi walinyamaza.

"Marehemu alikuwa mzito wa kuelewa," akaeleza, akaketi.

Akaingia Semeni. Akajifunga kanga ya marehemu, akabinua midomo kama yeye, akapita akifunua vyungu vya watu. "Wee Nyanzobe! Huu ugali umeusonga au umeufinyanga?" Msiba mzima ukaangua kicheko. Midomo ya maiti ikaachana.

Akaingia Mwamvita, akainama sikioni kwa maiti. "Kalunde shoga, ile siku uliyomtimua mchawi kwa mwiko, kumbe ni mkweo kaja kuomba chumvi! Ulipofunga mlango, si ulicheka mpaka ukakaa chini? Nilikuona dirishani."

Maiti akacheka.

Nyanzobe hakuwahi kukisikia kicheko cha mama yake. Sasa hakikukoma. Kikawatambalia waombolezaji, wakacheka bila kupenda, mate yakiwatoka. Nyanzobe naye akacheka, pumzi zikimwisha, ubaridi ukimfika kifuani.

Ndipo akasimama Chausiku, ambaye tangu azaliwe hajasema neno watu wasicheke. Akasimulia kisa kile kile cha beberu. Chote. Alipomaliza, akaeleza kwa nini kinachekesha.

Kicheko kikakatika. Maiti akafunga mdomo, akafumba macho kama mtu aliyechoshwa na wageni.

Walipotoka kuzika, walianza kukigombea kigoda.

"Midomo niliifungua mimi," akasema Semeni.

"Na kicheko? Kilitoka kwenye vyungu?" akajibu Mwamvita.

"Bila mimi mngekuwa mnacheka mpaka sasa, wote ndani ya shimo," akasema Chausiku. "Jina langu nimelizika pale. Tangu leo nikifungua mdomo, watu watamkumbuka beberu."

"Beberu ni wangu!" akapaza sauti Mzee Kondo.

Nyanzobe akakiinua kigoda. Kilikuwa na ubaridi ule ule wa magotini. Na chini yake akasikia mtu akijizuia kucheka.

"Mpe mwenyewe, mwanangu," sauti ya mama yake ikanong'ona. "Ukikosea, narudi kuchagua."

Haya, nyie mliocheka na nyie mlionuna, Nyanzobe anawatazama, kigoda mkononi. Je, nani alistahili kigoda?