Kindi Aliyelipwa Kulisifu Dimbwi la Kiboko

Jamani, niwape?

Tupe.

Niwape cha kutafuna au cha kusikiliza?

Cha kusikiliza. Cha kutafuna tumeshamaliza.

Basi sogeeni, na aliye nyuma asimsukume aliye mbele.

Hapo kale palikuwa na Kindi, msichana bado, mkia wake mrefu kuliko mwili. Aliishi kwenye tundu la mkwaju pamoja na bibi yake. Bibi hakuwa na jino hata moja, kwa hiyo Kindi alimpasulia kokwa, akamtafunia, akamwekea juu ya jani. Kila siku walijaza tundu lao chakula kidogo kidogo, kwa sababu kiangazi cha huko hakina mchezo. Asiyejaza tundu kabla majani hayajakauka, kiangazi humkuta amekaa mlangoni na njaa yake.

Kindi alikuwa na miguu isiyotulia. Alipita kila mahali akaonja kila kitu. Asubuhi, umande ukikauka, alipanda juu ya kichuguu akalia, kwi kwi kwi, kisha akaita:

"Nimekwenda, nimeonja, nimerudi."

Wanyama wote, waliokuwa wakila na waliokuwa wakijikuna, wakaitikia:

"Umeonja nini?"

Hapo akawaambia. Zambarau za bondeni zimeiva. Kunazi za mlimani zina funza, mziache. Maji ya kijito ni baridi, ila ukingo wa pili unateleza. Akimaliza anashuka, anakwenda kutafuta chakula kama wengine. Hakulipwa na mtu. Alipenda tu kuulizwa ameonja nini, na wanyama nao hawakumhoji. Kindi akisema limeiva, limeiva.

Sasa, karibu na hapo palikuwa na dimbwi, na dimbwi hilo lilikuwa la Kiboko. Nani alimpa? Alijipa mwenyewe. Alikaa katikati yake kutwa, na aliyetaka kunywa ilimbidi kwanza aweke ukingoni mzigo wa majani mabichi, chakula cha mwenye dimbwi. Ila hakuna aliyetaka kunywa. Kiboko alikula sana, na anayekula sana mnajua mwisho wake. Haja yake aliifanyia humo humo, na mkia wake mfupi ukaitawanya, pwa pwa pwa, huku na huku. Maji yalikuwa meusi, na harufu yake ilikupokea kabla hujafika.

Siku moja Kiboko akamwita Kindi. Akamwambia amesikia kelele zake za asubuhi na zimempendeza. Akamwonyesha lundo la karanga alizozoa kwenye shamba la binadamu.

"Lundo kama hili, kila asubuhi," akasema. "Wewe lisifu dimbwi langu tu."

Kindi akatazama karanga, akatazama miguu yake. Kutwa nzima juani kwa kokwa za kujaza shavu moja. Na hapa ni maneno machache tu, basi.

Kiboko akaongeza kwamba hataki neno lolote la harufu. Zambarau na kunazi na kijito, asivitaje tena. Na kukusanya chakula aache, maana kazi ya mdomo haichanganywi na kazi ya miguu.

"Ukiwa wangu, uwe wangu kutwa, kijana."

Kindi akakubali, akarudi nyumbani mbio kumwambia bibi yake. Bibi akauliza kama maji yenyewe ameyanywa. Kindi akasema hapana, kuyanywa hakukuwemo katika mapatano.

"Basi waambie umelipwa," Bibi akasema. "Wakishajua, watachagua wenyewe."

Kindi akaona neno hilo lina haki. Akarudi kwa Kiboko akamwuliza kwa adabu kama anaweza kuwatajia wenzake habari ya karanga. Kiboko akacheka mpaka maji yakapanda ukingoni.

"Ukisema umelipwa, nani atakuja?"

Kindi akarudi, na kwa Bibi hakulirudia jambo hilo.

Kesho yake akapanda kichuguu. Nimekwenda, nimeonja, nimerudi. Umeonja nini? Akasema maji ya dimbwi la Kiboko ni matamu. Wanyama wakatazamana, lakini aliyesema ni Kindi, wakaenda. Waliweka mizigo yao ukingoni, wakanywa huku wameziba pua. Kila mmoja alidhani pua yake ndiyo mbovu.

Siku ya pili akasema maji ni matamu sana. Siku ya tatu maneno yakaanza kumwishia, kwa maana kusifu kitu kimoja kila asubuhi ni kazi ngumu kuliko kupasua kokwa. Akasema maji yanang'arisha manyoya. Siku ya nne akasema yanarefusha pembe, na Punda Milia, ambaye hana hata dalili ya pembe, akaenda akanywa mara mbili.

Kiboko akanenepa. Kindi akanenepa. Tundu la mkwaju lilikuwa na karanga, lakini karanga zenyewe ziliota ukungu kwa unyevu wa dimbwi, na zilizopona walizila wao wenyewe siku ile ile. Akiba haikuongezeka. Bibi alizitafuna kwa ufizi.

Siku moja Swala akaja chini ya mkwaju. Hakupayuka. Alisimama tu, akamwita Kindi ashuke.

"Mwanangu ameharisha siku tatu," akasema. "Sasa hata kusimama hawezi. Nilimnywesha kwa neno lako."

"Shangazi, sikujua."

"Ulisema umeonja."

Swala akageuka akaenda zake.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu kwa niaba yake. Lakini habari ilikuwa imeshazunguka mwitu mzima. Asubuhi iliyofuata Kindi akapanda kichuguu, akalia kwi kwi kwi, akaita nimekwenda, nimeonja, nimerudi. Kimya. Waliokuwa wakila wakaendelea kula. Waliokuwa wakijikuna wakaendelea kujikuna. Akaita tena. Kimya. Akaita mara ya tatu, na ndipo sauti moja nene ikatoka dimbwini:

"Umeonja nini?"

Alikuwa ni Kiboko.

Mnaweza kudhani Kindi hajawahi kuona aibu mpaka siku hiyo. Ni kweli, hajawahi. Alishuka mkia ukiburuta. Alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho wenzake hawakuwa nacho, yaani wakimsikia wanamwamini, na kitu hicho alikuwa amekitafuna pamoja na karanga.

Wanyama walipoacha kuja, lundo la karanga likapungua. Likawa gao la mkono. Likawa karanga tatu na maganda. Kindi akaenda kumwambia Kiboko kwamba kazi hii basi, anarudi kutafuta chakula chake, kiangazi kimeshafika mlangoni. Kiboko akatoa kichwa chote nje ya maji.

"Utasifu mpaka mvua inyeshe," akasema. "Ukiacha, au ukisema neno moja baya, nitakuja kuuegemea mkwaju wenu mpaka ulale chini. Bibi yako ana mbio?"

Bibi hakuwa na mbio. Hata kutembea alikuwa akitembea kwa kukumbuka.

Kindi akakaa ukingoni akafikiri. Kusema baya hawezi. Kuacha hawezi. Kilichobaki ni kusifu. Basi akasema moyoni, nitasifu, lakini safari hii nitaonja kwanza. Akateremka, akatumbukiza mkono, chubwi, akajipaka tope mgongoni. Tope lilikuwa zito, jeusi, linanata kama ulimbo. Akakaa juani akangoja. Nzi wakaja, wakanusa, wakaondoka. Mbung'o wakaja, wakatua, wakateleza, wakaondoka.

Kindi akatabasamu.

Akavuka kilima mpaka kwa tembo, ambao mwaka ule mbung'o walikuwa wamewatesa mpaka watoto wao hawanyonyi vizuri. Huko Kiboko hakuwepo kusikia. Akamwamkia Bi Mkubwa, tembo mzee aliyeongoza kundi lote, akamwambia ukweli tangu mwanzo. Kwamba amelipwa kulisifu dimbwi. Kwamba maji yake hayanyweki. Kwamba hata hivyo ana jambo moja la kulisifia, na jambo hilo ni tope.

"Lina kina gani?" Bi Mkubwa akauliza.

"Kiboko amezama mpaka masikio."

"Na mbung'o?"

Kindi akageuka, akamwonyesha mgongo wake. Bi Mkubwa akaugusa kwa ncha ya mkonga, kisha akawaita wanawe.

Kindi akatangulia, akapanda kichuguu chake, akatangaza kwamba tembo wanakuja kwenye dimbwi, wote. Wanyama hawakuitikia. Kiboko ndiye aliyefurahi. Akauliza mzigo wa tembo mmoja huwa mkubwa kiasi gani.

"Tembo mmoja hubeba mti mzima, mzee."

Kiboko akafumba macho, akatafuna mate.

Haukupita muda, ardhi ikaanza. Ndi ndi ndi. Ndege wakaruka. Ndi ndi ndi. Tembo wakatokea kilimani, wakubwa na wadogo, wakateremka moja kwa moja bila kusimama. Kiboko akajitokeza akasema kwanza mizigo, iwekwe pale ukingoni. Bi Mkubwa akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Kuna jiwe linaongea humu," akasema, akavuta tope kwa mkonga, fwaa, akalimwagia lile jiwe.

Tembo wakaingia. Wakajigaragaza, wakajipaka, wakapakana. Wakatoka na tope mgongoni, likakauka, wakajisugua kwenye miti, wakarudi kuchukua jingine. Kutwa, na kesho yake kutwa, na kesho kutwa yake. Kila tembo akitoka, dimbwi linatoka naye. Mpaka likawa kama sinia, na Kiboko yuko katikati ya sinia, mgongo wazi juani, ngozi inapasuka.

Akamwita Kindi. Sauti sasa ilikuwa nyembamba.

"Kijana, panda kichuguuni. Waambie dimbwi ni baya."

"Mzee, siwezi. Nimelipwa nilisifu."

"Nimekufungua. Sema unachotaka. Mkwaju wenu sitaugusa."

"Hata ukinifungua, nani ataniamini? Wanajua nina karanga zako tumboni. Labda useme wewe mwenyewe."

Kiboko akajivuta mpaka kichuguuni. Kupanda hakuweza, akaegemeza kidevu tu. Na wanyama, ambao walikuwa wamekusanyika kutazama tembo, wakamsikia akisema kwa kinywa chake kwamba maji ya dimbwi lake ni machafu, kwamba anayachafua yeye, kwamba alimlipa Kindi ayasifu na akamkataza asiseme amelipwa. Swala alisikia. Punda Milia alisikia, akajipapasa kichwani.

Bi Mkubwa naye alisikia.

"Tunajua," akasema, akageuza ubavu wa pili.

Basi Kiboko akaondoka. Aliondoka mchana, jua la utosi, kuelekea mto mkubwa, na mpaka leo anatoka majini kwa kusitasita, hasa mchana.

Kindi alisimama mbele ya wenzake akawaambia: "Nilisema nimeonja, na sikuwa nimeonja." Kisha akashuka. Hawakumkumbatia. Kwa muda mrefu, kila alichotangaza, walimtuma kwanza arudi kukila mbele yao, wakangoja mpaka jua lizunguke, wakamtazama tumbo. Alikubali. Kiangazi kile yeye na Bibi walikipitisha kwa ukwaju mkavu na kokwa chache alizookota mbio mbio, na Bibi alisema amekonda vizuri.

Mvua zilipoanza, Nyegere, ambaye harufu yake humtangulia, akaja chini ya mkwaju na sega la asali. Akasema hataki mengi, neno dogo tu la sifa, na sega ni lake Kindi. Kindi akasema lazima aonje kwanza. Akaonja ncha moja. Akasema bado hajaielewa vizuri, akaonja ncha ya pili. Akampelekea Bibi naye aonje, na Bibi, asiye na jino, akalimaliza.

Asubuhi Kindi akapanda kichuguu.

"Nyegere amenipa sega zima ili nimsifu," akatangaza. "Asali yake ni nzuri kweli. Ila mkienda kwake, simameni upande upepo unakotoka."

Siku hiyo wanyama walikwenda kununua asali, wote, na wote walisimama upande upepo unakotoka. Nyegere mpaka leo hajui alie au acheke.

Funzo la hadithi hii, wadogo zangu, ni rahisi. Sifa za kulipia ni kitu kizuri, na aliye na biashara asizionee uchungu, kwa sababu zinaleta wateja. Zinaleta wateja wengi mno. Anayebisha aende mtoni amwulize Kiboko.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye bega aibebe, asiye na bega aivuke taratibu asiikanyage.