Ubeti Usiofungika

Hapo zamani, majumba ya kifalme yalipokuwa na popo wengi kuliko walinzi, palikuwa na Sultani Zuheri, bingwa wa kukoroma barazani. Mwana Nunu, msuka mikeka, akamtungia ubeti:

Sultani asinziapo, mapaa yatikisika,
Na popo darini hapo, hufungasha na kutoka.

Ubeti ukaenea mji mzima, ikawa hata wapishi wa jumba wanakuna nazi kwa mahadhi yake. Sultani akaghadhibika, akamtia Mwana Nunu gerezani, akaapa kwamba hatatoka mpaka utungo wenyewe ufungwe mahali pake.

Mumewe, Faki, maskini mwenye kanzu moja na maneno mengi, akauandika ubeti karatasini, akaupeleka. Sultani hakutaka hata kuutazama. Akaamuru karatasi ifungiwe. Lakini jioni akamsikia bawabu akiuimba, basi akamwita Faki, akamwambia kuwa amemletea karatasi na wino, utungo ameuacha nje.

"Kweli, bwana wangu," akasema Faki. "Kumbe haukai karatasini. Nipe ruhusa nimfunge kila ambaye utungo unakaa kwake."

"Nimekupa. Asibaki hata mmoja."

Basi Faki akaanza na bawabu, wakafuata wapishi, mawaziri, na kadhi aliyedai kuwa yeye anajua mahadhi tu, hata gereza likajaa watu wakabanana kama tende kikapuni, nao kwa kukosa shughuli wakawa wanaimba. Sultani akabaki jumbani hana hata wa kumtilia kahawa.

"Umemaliza?" akauliza kinyonge.

"Nahakikisha, bwana. Utungo wenyewe si huu? Sultani asinziapo, mapaa yatikisika, na panya darini hapo..."

"Popo," Sultani akamkatiza. "Panya atafungasha nini? Unauharibu ubeti wa watu."

Faki akainama kwa adabu, funguo mkononi. "Karatasi bwana hakuisoma, na mtunzi yumo kifungoni. Popo huyo bwana amemtoa wapi, kama ubeti haukai kwake? Twende, nimekuwekea nafasi ubavuni mwa kadhi. Ila tafadhali usikorome, wenzio wamebanana."

Sultani akazitazama zile funguo, kisha akaangua kicheko hata kilemba kikamdondoka. Akaamuru wote wafunguliwe, na Faki apewe kanzu ya pili. Mwana Nunu alipoletwa mbele yake, Sultani akamwinamia, akamwuliza kwa sauti ya chini kama ubeti wa pili upo.

"Upo, bwana wangu," akajibu. "Nangoja ulale."